Waifai ya Chumba cha Sang-gyu

…na bado ni ya rangi ya chungwa, inafumba inafumbua, inafumba inafumbua, kama inanikonyeza vile, na mimi nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha Sang-gyu nimeikodolea macho taa ndogo kama punje ya mtama, mwanamke mzima mwenye mvi zangu, simu nimeibana kati ya sikio na bega, na ndani ya simu binti wa huduma kwa wateja ananiuliza kwa sauti iliyopakwa asali, "Mheshimiwa mteja, taa imependa kuwaka rangi gani kwa sasa?", namjibu chungwa, binti, imependa chungwa, tangu tuanze haijapenda rangi nyingine, naye anasema, "Ahsante sana mheshimiwa mteja kwa kunijulisha, pole kwa usumbufu, naomba ukizime kifaa, usubiri kidogo, halafu ukiwashe tena"… nizime tena, nimeshazima na kuwasha mpaka kidole kimechoka, nimechomoa waya na kuuchomeka, nimechukua sindano ya Mama ya kushonea mablanketi nikaichoma kwenye kile kitundu cha nyuma cha kufuta kila kitu, nikabonyeza mpaka taa zote zikazimika zikawaka kwa pamoja, nikasema haya, sasa kimezaliwa upya, hakina dhambi, nikaanza kuandika paswedi, zile herufi za kwenye kibandiko cha chini ambazo sijui waliandikiwa sisimizi, hii ni sifuri au ni herufi, hii ni moja au ni nini, nikavaa miwani ya Mama juu ya miwani yangu, nikaandika, kikakubali, kikafikiri, kikafikiri… chungwa. "Imeshika?" anauliza Mama kutoka kwenye godoro lake, hata hajageuza kichwa, macho yapo kwenye ile tableti iliyoegemezwa ukutani, nyeusi tii, kama anangoja mgeni mlangoni. "Bado kidogo, Mama." "Bado kidogo, bado kidogo! Tangu asubuhi ni bado kidogo. Sang-gyu angekuwepo ingeshashika zamani." Sang-gyu angekuwepo… Sang-gyu angekuwepo, Mama, tusingehitaji kisanduku hiki, ungemwona kwa macho yako mawili, ungemshika masikio kama ulivyokuwa ukimshika, lakini Sang-gyu yuko Vancouver, yuko huko tangu alipomaliza chuo, ana mke wa huko na nyasi za kukata na mtoto anayejifunza kuogelea, na anachoweza kututumia ni uso wake, nao unataka waifai. Hayo nayameza, nachomoa waya tena. Nimeshazoea kumeza, ni kazi kama kazi nyingine.

Na teksi imeshafika, naisikia chini inanguruma, mzee Bae kaizima kaiwasha tena ili ndani pasipoe, kwa sababu leo ndiyo siku yenyewe, leo wanampokea hospitali kubwa ya Daegu, kesho wanamfungua kifua wambadilishie kile kilango cha moyo kilichochakaa, na daktari aliniita pembeni akaniambia kwa umri huu, bibie, hatuahidi, lakini tusipofanya hatauona mwaka mpya, basi nimepanga kila kitu, nimefungasha nguo za ndani na soksi za sufu na dawa ya meno yake ileile ya chumvi, nimemwogesha, nimemchana, lakini yeye, tangu siku ile ya daktari, anakaa kwenye godoro anasema, siendi popote mpaka nimwone Sang-gyu, wanifungue kifua sijamwona mwanangu, hapana, nifie hapa. Siku zile nilimwonyesha kwenye simu yangu, akasema huo ni uso au ni mbegu ya tunda la persimoni, macho yake hayaoni kitu kidogo tena, na bando langu lile la bei ya chini likaishia katikati, Sang-gyu akaganda mdomo wazi kama samaki sokoni, Mama akalia, akasema ni dalili mbaya. Ndiyo maana Sang-gyu alituma tableti, pana kama sinia, na kisanduku hiki cha pili cha kuupokea mtandao kutoka ruta ya chini na kuusambaza huku juu, na barua ndefu ya maelekezo, Dada, kiweke ndani ya chumba changu, karibu na kabati, usikiweke sakafuni, chumba changu, anasema, mwanamume mwenye nyumba ya vyumba sita ng'ambo ya bahari na hapa bado ana chumba chake. Na ni chake kweli. Nyumba nzima ni chini, chumba changu na jiko, na upande wa mbele, walikolala Baba na Mama, tuliompangishia msusi tangu Baba afariki, halafu juu ya paa pana chumba hiki kimoja walichomjengea Sang-gyu ili asome kwa utulivu, ngazi yake ya chuma iko nje ukutani, wakati wa baridi inauma mikono, na kati ya chini na juu hakuna uwazi wowote, zege tu. Msusi alipohamia nilimwambia Mama tulale pamoja chumbani kwangu, ni kipana, sakafu yake ya kupashwa moto kwa chini ina moto mzuri, ngazi ile siyo ya miguu yako, akakataa katakata, akasema atapanda kwa Sang-gyu, nikadhani ni mapenzi, anataka kulala alipolala mwanawe, nikambebea godoro, na moyo ulipomchoka nikawa nambeba mwenyewe mgongoni, kumshusha bafuni, kumpandisha, kama mtoto, na kila tukifika juu huniambia, taratibu, usinigonge kwenye mlango wa Sang-gyu.

"Mheshimiwa mteja, umeshakiwasha?" Nimekiwasha. "Naomba sasa ufungue orodha ya mitandao kwenye simu yako uniambie unaona majina gani." Naona Saluni ya Mwezi Mpevu, huyo ni msusi wetu, naona Usitumie Wa Kwako Uko Wapi, huyo ni yule mwenye kuku wa kukaanga ng'ambo ya barabara, mtu mbaya, na naona Nyumbani kwa Sang-gyu, linaingia linatoka, linaingia linatoka. "Samahani, mheshimiwa mteja, hilo la mwisho ndilo la kwako?" Ndiyo, binti, hilo ndilo la kwangu. Aliliweka mwenyewe alipokuja mwaka juzi, alikaa siku chache, akala, akalala, akafunga ruta kubwa chumbani kwangu kwa sababu waya wa mtandao unaingilia dirishani kwangu, akaniambia Dada, nimeweka jina rahisi ili usisahau, na ni kweli sisahau, nalipa bili ya Nyumbani kwa Sang-gyu kila mwezi na jina langu halipo hata kwenye hewa… Simu inatetemeka sikioni, ujumbe wake, "Dada imeshika? Mtoto ana masomo ya kuogelea jioni hii, tusichelewe sana." Tusichelewe. Hapo chini mzee Bae anapiga honi, pii, halafu sauti yake inapanda ngazi, "Mama Sang-gyu! Barabara ya Daegu ina foleni kule kwenye daraja! Mama Sang-gyu, twende tukawahi kitanda cha dirishani!" Mama Sang-gyu. Mji mzima wa Sangju unamwita hivyo, sokoni, kanisani, benki, na mimi nilizaliwa kwanza, mimi ndiye niliyemfanya mama, miaka yote ile kabla Sang-gyu hajaja alikuwa mama wa nani, hakuwa mama wa mtu, alikuwa mke wa Choe, baba yangu, asiyejaliwa mtoto wa kiume, nami nilikuwa nimekaa mgongoni mwake namlowesha. "Tunakuja, mzee Bae!" napiga kelele dirishani, "kunywa kahawa, ipo jikoni!" "Nimeshakunywa, Dada Myeong-ok! Nimekunywa mpaka moyo unanienda mbio, itabidi na mimi wanifungue!" na anacheka peke yake, na Mama naye anatabasamu, kwa mzee Bae anatabasamu.

Namwambia binti jambo moja ambalo ni la ajabu, namwambia sikiliza, nikikitoa kisanduku hiki nje hapa paani, kwenye mitungi ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachishwa, waya wake unafika hapo kwa shida, taa inageuka kijani, kijani kibichi kabisa, kinaelewana na ruta ya chini kama ndugu, nikivuka kizingiti tu nikaingia nacho ndani, chungwa, nimejaribu tena na tena, nje kijani, ndani chungwa, na ruta yenyewe iko chini ya miguu yangu hasa, chumba changu kiko chini ya chumba hiki, ukuta juu ya ukuta, hapo nilipopiga magoti nikidondosha sarafu ikatoboa sakafu itaangukia juu ya mto wangu wa kulalia. Nasikia karatasi au nasikia kibodi, anatafuta mahali pa mambo ya ajabu. "Mheshimiwa mteja, pole sana kwa usumbufu. Naomba kuuliza, ndani ya chumba hicho kuna tangi kubwa la samaki?" Hakuna. "Kuna kioo kikubwa cha ukutani?" Hakuna, kipo cha kunyolea. "Kuna chuma, au bati, ukutani au sakafuni?" Hakuna, nasema, hiki ni chumba cha kawaida, cha tofali, hakuna chuma wala bati, na kutoka godoroni Mama, ambaye tangu asubuhi nimemsemesha mara tatu tatu ndipo asikie, Mama anasikia hilo, anasema, "Chuma hakuna. Shaba ndiyo ipo." Shaba gani, Mama? "Ya Sang-gyu." Na mkono wake unatoka chini ya blanketi unaipapasa sakafu ya plastiki ya manjano kama unapapasa paja la ng'ombe mzuri… shaba ya Sang-gyu. Nilisahau. Miaka yote hii naideki sakafu hii na nilisahau kuna nini chini yake, na mimi ndiye niliyeibeba. Mabamba mapana, membamba, yanang'aa kama sufuria mpya, yaliletwa na pikapu asubuhi ya Jumapili, siku yangu pekee ya kupumzika kutoka kiwanda cha hariri, Baba alikuwa na mgongo, Sang-gyu alikuwa anasoma, nikayapandisha mimi ngazi ile ya chuma, moja moja, upepo unayapeperusha na mimi pamoja nayo, kingo zikanikata hapa kati ya kidole gumba na cha pili, na viganja vyangu vilikuwa vimeshababuka kwa maji ya moto ya kuchemshia vifukofuko vya viwavi wa hariri, damu ikadondokea bamba moja, Mama akaniambia, futa, futa upesi, asije akalalia damu. Ulikuwa mwaka wake wa mtihani wa chuo kikuu. Alikuwa hapati usingizi, akitokwa damu puani juu ya vitabu, na Mama akasikia kwa wanawake wa kanisani kwamba ukilala juu ya mshipa wa maji, maji yale ya chini kabisa ya ardhi yanayopita yakikunyonya nguvu, basi hulali, hukui, hufaulu, unaumwa mpaka unakufa, akamleta mpimaji kutoka Mungyeong, mzee wa koti refu na vijiti viwili vya kutafutia maji mkononi, na shaba ndiyo dawa, shaba inauzuia mshipa usipande. Waliiweka yote, kona hadi kona, wakaipandisha mpaka kwenye kuta kwa urefu wa goti, wakafunika na plastiki, wakagongea misumari. Na Sang-gyu akafaulu. Mji mzima ulikula wali wetu.

"Mheshimiwa mteja, nimefurahi sana kufahamu hilo," anasema binti nilipomwambia ipo shaba, kweli amefurahi, sauti imechangamka, "shaba huzuia mawimbi ya mtandao kabisa, kifaa chako hakina kosa"… kifaa hakina kosa, sawa, nimeelewa, ruta inapiga kelele chumbani kwangu, mawimbi yanapanda, yanavuka zege, yanafika kwenye shaba ya Sang-gyu na kugeuzwa, rudini mlikotoka, kwa hiyo kinachomzuia Sang-gyu asifike kwa mama yake ni ile shaba waliyomtandikia, na ningecheka, ningecheka mpaka mzee Bae apande kuangalia, lakini kuna kitu kimenikwama, kidogo, kama mwiba wa samaki, sikioni kwangu yanajirudia maneno yangu mwenyewe, chumba changu kiko chini ya chumba hiki, ukuta juu ya ukuta… mshipa wa maji uko ardhini. Unatoka ardhini unapanda. Ukitaka kumfikia kijana aliyelala huku juu ya paa utapita wapi kwanza. Subiri, Myeong-ok. Taratibu. Utapita kwangu. Utaingia kwenye sakafu yangu, kwenye godoro langu, kwenye mgongo wangu, utanivuka, ndipo ufike kwenye dari, ndipo ukutane na shaba ya Sang-gyu, na ukishazuiwa na shaba utakwenda wapi, utarudi kama mtandao unavyorudi, utanirudia mimi. Wakati ule nilikuwa nalala pale. Bado nalala pale. Mimi siamini mishipa ya maji, sijawahi, nimekaa na wanawake wa kiwandani walioamini kila kitu, jini wa lifti, feni inayomuua aliyelala, mimi siamini, kwa hiyo sijui kwa nini naifuata njia yake hatua kwa hatua… na sitaki kumwonea Mama. Hakufikiria. Alikuwa na mtoto anayetokwa damu puani, alikuwa na mtihani mbele yake, mpimaji alisema weka shaba chini ya kijana, akaweka shaba chini ya kijana, mtu akiwa na hofu haangalii pembeni, hakukaa akapiga hesabu kwamba chini ya kijana kuna msichana. Ndivyo watu walivyo. Nami siku ile sikuwepo mpimaji alipopima, walinituma kumnunulia pombe ya mchele, niliporudi alikuwa ameshavaa viatu, kwa hiyo sijui alisema nini, na pengine hata hakusema lolote kuhusu chini. Nimemsamehe. Nimeshamsamehe mengi makubwa kuliko hili, hili ni la kipuuzi, maji yasiyokuwepo na shaba isiyofanya kazi.

Kwa hiyo nasimama, magoti yanalia, nasema kwa sauti ya uchangamfu kama ya binti wa simu, "Mama, nimepata ufumbuzi. Twende chini. Nikubebe tushuke chumbani kwangu, kule mtandao uko wazi kabisa, ruta yenyewe iko kule. Utamwona Sang-gyu mkubwa kama alivyo, mtaongea, ukitoka hapo unaingia garini moja kwa moja, hatupandi tena." Namwona anaelewa. Anaelewa vizuri. Ananiangalia kwa mara ya kwanza leo, mimi, siyo tableti, na uso wake unabadilika, unakuwa wa mtu aliyepewa sahani yenye nywele. "Chumbani kwako?" "Ndiyo, Mama, dakika chache tu." "Na moyo huu?" "Moyo umefanya nini?" "Unataka niishie njiani kabla ya Daegu? Pale ndipo mshipa unapopita." Pale ndipo mshipa unapopita… anasema hivyo kama anavyosema pale ndipo tunapoweka ufagio. "Mshipa gani, Mama?" "Usijifanye hujui. Mpimaji alipita nyumba nzima, vijiti vimetulia, alipofika mlangoni kwako vikavukana, chwaa, akarudi nyuma, akasema maji mengi, maji makali, hapa asilale mtu." Hapa asilale mtu. "Alisema hivyo?" "Alisema hivyohivyo, baba yako shahidi, alikuwa ameshika taa." "Na mimi?" "Wewe nini?" "Mimi nilikuwa nalala pale." Anavuta blanketi, anatafuta kwa mkono kitu ambacho hakipo, anasema bila hasira hata kidogo, na hicho ndicho kinachochoma, bila hata hasira, "Wewe ulikuwa na nguvu. Sang-gyu ndiye aliyekuwa na mtihani. Haya, imeshika?"

…nimekaa. Sikumbuki kukaa lakini nimekaa, kwenye kizingiti, kisanduku mapajani, taa yake inafumba inafumbua, baridi ya paani inanipiga ubavu mmoja na joto la chumba ubavu wa pili, na kichwa, kichwa changu, hiki kilichokuwa kinanipasuka kila asubuhi tangu nikiwa msichana, nikiamka nimeushika ukuta, na yeye anasimama mlangoni, sasa namwona, mlangoni, haingii, hata siku moja hakuingia akakaa, alinipasia chakula akiwa mlangoni, alinikemea akiwa mlangoni, anasema kichwa chako hicho ni kichwa cha uvivu, watu wanawahi basi la kiwanda wewe unashika kichwa… uvivu, alisema uvivu, na alipokuwa anasema uvivu alikuwa anajua, alikuwa anaamini kwa moyo wake wote kwamba chini yangu kuna maji yananinyonya, na akaniangalia, akafunga mlango ili baridi isiingie, akapanda kwenda kumpelekea Sang-gyu supu. Alinipa chumba asichoweza kukikanyaga yeye. Na lile la kupanda huku juu Baba alipofariki, nililoliita mapenzi, nikawa hata namwonea huruma, maskini Mama, anamkumbuka mtoto, kumbe alikuwa anakimbia, anakimbilia penye shaba, na mimi nambeba mgongoni ninamkimbiza… Shaba ile ilikuwa mabamba mengi. Yalibaki mawili. Nayakumbuka, yalikaa nyuma ya ghala yetu ya persimoni miaka, yakawa ya kijani, Baba akayakata akatengeneza trei za kukaushia persimoni. Yalibaki, yangetosha godoro langu na nafasi ya ziada, na hakuna aliyesema tumtandikie na huyu, ghala nzima ya persimoni ililala juu ya shaba, kila tunda, na mimi hapana. "Mheshimiwa mteja," anasema binti, "bado upo kwenye simu?" Nipo, binti, nipo, sijawahi kwenda popote. "Mheshimiwa mteja, samahani, je, unalia?" Hapana, nasema, ni baridi ya huku juu. Na analegeza sauti, anaacha ile asali, anasema kwa sauti ya mtoto wa mtu, "Mama yangu naye yuko kijijini peke yake, najua ilivyo," na hajui, hajui hata kidogo, lakini ameuliza, na sauti yake ni ya mtu, na nina hamu ya kumwambia usiipoteze sauti hiyo kwa ajili ya taa za watu.

Honi tena. "Mama Sang-gyu! Nakuja kuwabeba wote wawili!" Simu inatetemeka, Dada vipi, Dada imeshika. "Imeshika?" anasema Mama. Wote watatu wananiuliza mimi, na kwa mara ya kwanza sisemi bado kidogo, nawaacha wasubiri, wacha wasubiri hivi, ni raha kidogo, sikujua kama kusubiriwa ni raha… la kufanya nalijua. Tangu binti aliposema shaba huzuia mawimbi nimelijua, chini palikuwa rahisi zaidi tu, waya mrefu wa umeme uko chini, nyuma ya mlango wangu, nitashuka niulete, nitaupitisha dirishani, kisanduku nitakiweka nje juu ya kifuniko cha mtungi, sambamba na kioo cha dirisha, mtandao utaingilia dirishani juu ya shaba badala ya kupita chini yake, taa itageuka, Sang-gyu atatokea na meno yake yote, ataita Mama, na Mama atacheka kile kicheko ambacho mimi nimekisikia maisha yangu yote kikipita juu ya kichwa changu kwenda kwa mwingine, atashiba, atakubali, nitampa mgongo apande, nitamshusha ngazi moja moja, sitamgonga kwenye mlango wa mtu, na wale wa Daegu watamfungua kifua na watamfunga, na namwombea apone, namwombea kweli, mkono wangu hautamwangusha na moyo wangu hautamlaani. Hilo nimeliangalia ndani yangu na nimelikuta ni kweli. Lakini nikirudi leo kutoka Daegu nitapandisha godoro langu ngazi ile ya chuma, na mto, na nguo zangu, na kikombe changu, nitamwandikia Sang-gyu kwamba chumba chake kimepata mtu, nitalala hapa katikati ya shaba yote, kona hadi kona, mshipa wa maji siuamini, yeye ndiye anayeuamini… na siku atakayotoka hospitali sitabeba mtu kupanda ngazi, mgongo wangu utakuwa umechoka kwa uvivu, na atakikuta chumba cha chini kimefagiliwa, sakafu ina moto, shuka safi zimetandikwa vizuri mpaka kwenye kona, kinamngoja.